Paa la Eunos Roadster yangu limechanika: nibadilishe mwenyewe nyumbani?

"Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina Eunos Roadster ya mwaka 1994, ile ya taa za kuinuka. Paa lake la kukunja ni la vinaili nyeusi, nadhani ni lile lile lililotoka nalo Japani. Kioo cha nyuma cha plastiki kimekuwa rangi ya chai, sioni kitu. Turubai limechanika pande zote mbili, nyuma kidogo ya vioo vya milango, na mvua ikinyesha maji yanatuama chini ya miguu ya abiria. Fundi wa viti hapa mtaani anasema atanishonea jingine kwa turubai la lori. Rafiki yangu anasema niagize lililoshonwa tayari, lenye kioo halisi, nilifunge mwenyewe. Nina spana, nina drili, na mdogo wangu atanisaidia. Je, nitaweza? Nianzie wapi?"

Marahaba. Utaweza, na mdogo wako utamhitaji hasa mara mbili: siku ya kulitoa la zamani na dakika ya kulivuta jipya mbele. Kazi yenyewe ni nati, riveti, gundi na subira. Ila kwa jinsi ulivyoeleza maji yanapotuama, nina wasiwasi kwamba ukibadilisha paa peke yake, masika yakiingia utaniandikia tena swali hili hili. Turubai lililochanika pembeni ya kioo hulowesha bega la anayekaa na mkanda wa kiti. Maji ya miguuni kwa kawaida yana njia nyingine. Kwa hiyo tuanze na maji.

Chukua chupa yenye nusu lita ya maji. Fungua makomeo yanayolishika paa juu ya kioo cha mbele, laza paa nyuma, usimame upande wa abiria. Tazama kona ya nyuma ya kiti, pale mlango unapoishia na mnara wa mkanda wa kiti unapoanzia, chini ya mguu wa fremu ya paa. Kuna tundu pale. Katika gari lililolala chini ya mwembe au mkungu utalikuta limejaa majani, mchanga na tope jeusi laini kama machicha ya kahawa. Toa unachoweza kwa kidole, kisha mimina maji polepole na umwambie mdogo wako achungulie chini ya gari, mbele ya tairi la nyuma. Maji yanatakiwa kutoka hapo mara moja na kwa mkondo. Yakidondoka tone moja moja, au yasipotoka kabisa, umempata mwizi wako. Fanya hivyo hivyo upande wa dereva.

Paa la gari hili halizuii kila tone lisipite. Maji yanayoteremka kwenye kioo cha nyuma huingia katika mwanya kati ya turubai na bodi, na waliolibuni walikusudia yaingie. Chini ya mwanya huo kuna gata ya plastiki inayozunguka nyuma yote, kuanzia kona moja hadi nyingine. Gata inayapokea, inayapeleka kwenye yale matundu mawili, na mabomba mawili yanayashusha barabarani. Tundu likiziba, au gata ikipasuka kwa uzee, maji yanamwagika nyuma ya viti, yanapenya chini ya kapeti na kutulia miguuni, hata kama turubai ni jipya la jana. Mengine yanaingia ndani ya kizingiti, lile boksi la bati chini ya mlango, na huko hayaonekani. Roadster nyingi za miaka ya tisini injini zake bado zinawaka kwa ufunguo mmoja huku bodi imekwisha kwa kutu ya vizingiti, karibu kabisa na tairi la nyuma. Na wewe uko Tanga, ambako chumvi ya bahari inafanya kazi usiku na mchana. Pita na kidole hapo chini. Rangi ikiwa imevimba au bati linabonyea, pesa ya kwanza iende kwa fundi wa bodi, paa lisubiri.

Bomba lililoziba lizibue kwa uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia majani: una ugumu wa kusukuma uchafu na ulaini wa kufuata kona. Usitumie waya wa chuma, utatoboa. Usimkubalie pia kijana wa gereji anayekuja na mpira wa kompresa. Bomba limechomekwa tu, presha inaweza kulichomoa huko ndani ambako mkono haufiki, na kuanzia siku hiyo maji yote yatamwagika moja kwa moja kwenye kizingiti.

Tuje kwenye ununuzi. Gari lako Japani liliuzwa kama Eunos Roadster, Ulaya linaitwa Mazda MX-5, Marekani Miata. Ni kitu kimoja. Ukitafuta vipuri kwa jina la Eunos peke yake utakosa tisa kati ya kumi vilivyopo. Una bahati pia kwamba umenunua gari la michezo la viti viwili ambalo limeundwa kwa wingi kuliko mengine: Mazda walitimiza milioni moja mwaka 2016, na kizazi chako, kile cha 1989 hadi 1997, kina wapenzi kila bara. Mazda wenyewe walitangaza mwaka 2017 mpango wa kuyafufua magari ya kizazi hicho huko Japani na wakarudi kutengeneza baadhi ya vipuri, paa likiwemo. Wapo pia watengenezaji wa muda mrefu wa mapaa haya, kama Robbins wa Marekani, na wapo wengi wa bei nafuu ambao sina haja ya kuwataja. Jambo jingine litakalokusaidia ni kwamba fremu ya gari lako na ile ya kizazi kilichofuata, cha 1998 hadi 2005, zinalingana. Paa la kizazi cha pili, lenye kioo halisi, linaingia kwenye gari lako bila kukata wala kuongeza kitu.

Rafiki yako yuko sahihi kuhusu kioo halisi. Plastiki ya nyuma ni laini kwa sababu imechanganywa na vilainishi, na jua la pwani linavitoa kidogo kidogo hadi inabaki ya njano, ngumu, na yenye nyufa. Halafu plastiki inadai nidhamu: kila unapolaza paa lazima kwanza ufungue zipu na kukilaza kioo kikiwa kimenyooka, la sivyo kinakunjika na mkunjo ule hautoki. Najua wachache wanaolifanya hilo kila siku. Kioo halisi unakilaza bila kufungua zipu yoyote. Kitakuja na ncha mbili za waya za hita ya kuondoa ukungu. Gari lako la 1994 huenda halina nyaya za kuziunganisha, na kwa Tanga sioni haja. Zifunge tepu ya umeme kila moja peke yake uziache. Ukitaka kuziunganisha siku nyingine, ziwe na fyuzi na rilei yake, na uchomoe kwanza betri, ambayo katika gari hili iko kwenye buti.

Kuhusu kitambaa, kuna vinaili na kuna kanvasi. Kanvasi ya mapaa ya magari ina tabaka tatu: nje akriliki iliyofumwa, katikati mpira unaozuia maji, ndani kitambaa laini. Inapendeza, haipauki upesi, na gari linakuwa tulivu zaidi ndani. Lakini haivutiki. Ukikosea milimita kumi kwenye kanvasi, mkunjo utakutazama kila asubuhi. Vinaili ikipata joto inalainika na kusamehe makosa, inaoshwa kwa urahisi, na bei yake ni ndogo. Kwa mtu anayefunga paa lake la kwanza nyumbani ningesema vinaili, tena bila kusita. Vyovyote utakavyochagua, hakikisha paa linakuja na gata yake mpya. Wauzaji wengi wanaitoa gata ili bei ionekane tamu, na gata ya miaka thelathini ukishaigusa inapasuka kwenye kona. Kubadilisha turubai na kuiacha gata ya zamani ni kufanya kazi yote na kuacha tatizo ndani.

Huyo fundi wako wa viti simdharau, wengi wao wana mikono kuliko mimi. Tatizo ni mali anayotaka kutumia. Turubai la lori ni zito, limetengenezwa litandazwe na kufungwa kamba. Halikutengenezwa kukunjwa mara tatu ndani ya nafasi ya mto wa kitanda. Kwenye kila mkunjo litapasuka rangi, kisha nyuzi. Pili ni mshono. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, ndiyo maana mapaa ya kiwandani mishono yake huzibwa kwa joto au kwa utepe, na uzi wenyewe huwa wa kustahimili jua. Uzi wa kawaida wa viti juu ya paa la pwani utaoza kabla turubai halijachoka. Kingekuwa kimeharibika kioo cha plastiki tu, ningekuambia mpe kazi kwa moyo mweupe: kwenye gari lako kioo hicho kimeshikwa na zipu, kinatoka peke yake, na fundi mzuri anashona plastiki mpya kwenye zipu ya zamani bila kugusa paa. Lakini turubai limeshachanika, kwa hiyo hapo tumepita.

Na unajua kwa nini limechanika hapo hapo pande zote mbili? Ukilaza paa, vipande vya fremu nyuma ya kioo cha mlango vinafunga kama mkasi, na turubai lililolegea linaingia katikati. Linabanwa, linasuguliwa, linatoboka. Mapaa mapya mengi yana mkanda wa lastiki uliofichwa kila upande wa kulivuta turubai ndani lisiumwe. Ukiona mikanda hiyo kwenye paa jipya usiikate ukidhani ni mabaki ya kiwandani. Ukiona haipo, hapo ndipo mpe kazi yule fundi wa viti, aishone kabla hujaanza.

Panga kazi nje ya masika na vuli. Siyo kwa sababu gari litalala wazi tu. Gundi ya kupaka pande zote mbili haipendi hewa yenye unyevu. Kiyeyushi kinapokauka kwa kasi kinapoza gundi, umande unatua juu yake, na utaona utando mweupe. Gundi yenye utando huo haishiki. Chagua siku kavu, kuanzia saa tatu asubuhi. Nunua gundi inayohimili joto, ile wanayotumia mafundi wa dari za magari, kwa maana paa jeusi juani linapita nyuzi 70, na gundi ya viatu ya kawaida itayeyuka na kuliachia turubai likiwa barabarani.

Jioni ya kuamkia kazi, ondoa kapeti la nyuma ya viti na plastiki za minara ya mikanda. Kapeti limeshikwa na klipu za plastiki: chokoa kiini katikati kwanza, kisha klipu yote inatoka, ukiivuta kwa nguvu inakatika kichwa. Toa na viti kama unaweza. Unaweza kuvisogeza tu mbele, lakini utatumia siku nzima umejikunja, na mgongo ni wako. Nyuma ya viti, kwenye ukuta wa bati, utaona vipande vya chuma vyembamba vilivyolala: kirefu cha katikati na viwili vya pembeni. Hivyo ndivyo vinavyobana turubai na gata, na vimekazwa kwa nati za soketi 10 juu ya stadi, yaani boliti zisizo na kichwa, zinazotokea kwenye bodi. Zinyunyizie zote mafuta ya kulainisha kutu, uende ukalale. Asubuhi zinyunyizie tena. Stadi iliyokatika kwenye kona ile, ambako hata tochi haienei vizuri, itakula muda kuliko paa zima. Nati ikigoma, irudishe kidogo kwa kukaza, ifungue kidogo, irudishe, hivyo hivyo mpaka itoke. Na popote utakapokuwa na drili nyuma ya viti kumbuka kwamba tangi la mafuta liko chini ya bati hilo. Huko nyuma hakuna kitu kinachohitaji kutobolewa.

Piga picha kila hatua. Kisha fungua kwa utaratibu huu: kwanza raba za pembeni zinazokutana na vioo, zinachomoka kwenye reli zake kwa kuvutwa taratibu, kisha skrubu za hizo reli, kisha masikio ya turubai yaliyogundishwa kwenye fremu nyuma ya kioo cha mlango. Kila upande kuna waya mwembamba wa chuma uliopita ndani ya pindo juu ya kioo. Huo ndio unaolikaza turubai lisipepee ukiwa mwendoni. Utoe ncha ya mbele na ya nyuma, uuchomoe, uuweke pamoja na springi yake kama ipo. Upau wa mbele, ule unaolala juu ya kioo cha mbele, una raba iliyochomekwa kwenye reli nyembamba, na reli imepigwa riveti. Riveti zitobolewe kichwa tu, kwa biti inayolingana na shina lake. Riveti ikianza kuzunguka pamoja na biti, ibane kwa plaizi au ukate kichwa kwa patasi nyembamba. Ukiendelea kutoboa inapozunguka utapanua tundu la upau. Vipande vya kitambaa vinavyoshikilia turubai kwenye pau za katikati vimekazwa kwa skrubu au riveti, kutegemea toleo. Nyuma ndiyo ya mwisho: toa nati, vuta vile vyuma vitatu, na turubai pamoja na gata vinachomoka kwenye stadi. Hapo ndipo mdogo wako ashike upande wa pili.

Turubai la zamani usilitupe wala usilikate. Lilaze sakafuni, litandaze jipya juu yake, mlinganishe matundu ya stadi, urefu wa katikati, na mahali pa vitambaa vya pau. Weka alama ya chaki ya fundi cherehani katikati kabisa ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa lile jipya. Tafuta pia katikati ya upau wa mbele na ya bati la nyuma uweke tepu ya karatasi. Alama hizi nne ndizo zitakazokuonyesha kama paa limenyooka, maana jicho la mtu aliyechoka linadanganya.

Fremu ikiwa uchi, usiharakishe. Wengi huishia kuona chuma, wakachukua turubai jipya na kuanza. Kwanza funga makomeo bila turubai uone fremu inavyolala juu ya kioo cha mbele: isimame sawa pande zote mbili. Kwangua gundi ya zamani yote. Piga msasa penye kutu, paka praima ya kuzuia kutu, hasa ndani ya matundu ya riveti, na uache ikauke vizuri. Maungio ya fremu yapate tone la mafuta, ila futa yanayobaki, kwa kuwa mafuta na gundi haviivani. Raba ulizotoa zioshe kwa sabuni. Zikiwa bado zinabonyea na kurudi, zina maisha. Zikiwa zimekauka na zinavunjika, agiza mpya sasa, kwa sababu hakuna turubai litakaloziba pengo la raba iliyokufa. Usizipake grisi ya injini, inavimbisha mpira. Paka ya silikoni.

Kufunga kunaanzia nyuma. Gata ikae kwanza kwenye stadi, turubai juu yake, kisha vyuma vitatu na nati zikazwe kwa vidole tu. Kama gata imeshonwa moja kwa moja na turubai, vinaingia pamoja. Sasa nenda kwenye kona, na hapa nataka utumie tochi na muda. Kila ncha ya gata ina ulimi unaoshuka. Ulimi huo lazima uingie ndani ya lile tundu la maji ulilolizibua, uelekee chini. Ukikaa nje ya tundu, hata kwa upana wa kidole, maji yote ya nusu ya paa yatapelekwa kwa uangalifu mkubwa nyuma ya kiti cha abiria. Ukihakikisha, mimina tena ile nusu lita, safari hii juu ya gata katikati, utazame ikitembea hadi kona na kutoka chini ya gari. Kama haitoki, bado hujapoteza kitu, nati zimelegea. Baada ya hapo kaza nati, ukianzia katikati kuelekea pembeni, kwa nguvu ya wastani.

Inua fremu, pitisha nyaya za pembeni kwenye mapindo yake na ufunge ncha za nyuma. Kaza vitambaa vya pau za katikati. Sasa funga paa juu ya kioo cha mbele, makomeo yakiwa yameshika, na turubai likiwa limelala tu mbele bila gundi. Mvute wote wawili, mmoja kila kona, alama ya katikati ikae juu ya alama, mpaka mikunjo ya mgongoni iishe. Usivute kwa hasira. Kioo cha nyuma kikianza kujipinda umepitiliza. Chora chaki juu ya turubai kufuata ukingo wa mbele wa upau, kuanzia kona hadi kona. Huo ndio mstari wako.

Fungua makomeo, inua upau wa mbele kidogo upate nafasi ya mikono. Paka gundi kwenye upau na chini ya turubai, tabaka jembamba, na ungoje. Ukigusa kwa mgongo wa kidole isikuloweshe, ila ikuvute kidogo, iko tayari. Sigara mbali, milango wazi. Gandisha katikati kwanza, mstari wa chaki ukipita ukingo kwa milimita chache tu kuja upande wa ndani, kisha nenda pembeni, sentimita kwa sentimita, mdogo wako akishikilia kona zisiguse kabla ya zamu yake. Zikigusana zimeshikana. Fuata na masikio ya nyuma ya vioo, ncha za mbele za nyaya, reli za raba. Ila usipige riveti bado. Funga makomeo taratibu, zunguka gari, tazama mishono miwili mirefu ya juu: inyooke kutoka kioo cha mbele hadi nyuma bila kupinda. Ikiwa sawa, fungua tena, piga riveti, rudisha raba.

Usishangae komeo la mwisho likikataa. Paa jipya ni fupi kwa makusudi. Liache juani saa mbili makomeo yakiwa yamening'inia, vinaili italainika, kisha mmoja abonyeze juu ya upau kwa kiganja huku mwingine akifunga. Makomeo ya gari hili yanarekebishwa urefu wa kulabu, kwa hiyo yarefushe kidogo kwa siku za mwanzo, uyarudishe turubai likishazoea. Na likishafungwa, lisifunguliwe wiki mbili nzima. Najua utataka kupita ufukweni Raskazone jioni paa likiwa wazi. Subiri.

Kulijaribu, tumia mpira wa maji wa bustani uliofunguliwa nusu, maji yakianguka toka juu kama mvua, wewe ukiwa ndani na tochi. Mashine ya presha ya kuoshea magari isilisogelee, siku hiyo na siku zote; inapenya raba nzuri na kuchana mishono. Anza kumwagia nyuma, dakika kadhaa, ndipo upande juu na mbele. Ukianza mbele hutajua tone limetoka wapi. Tone likitokea kona ya juu ya kioo cha mlango, mara nyingi ni kioo chenyewe hakiegemei raba vizuri. Hurekebishwa ndani ya mlango, siyo kwenye paa. Likitokea juu ya kioo cha mbele, punguza urefu wa kulabu nusu mzunguko. Likitokea nyuma ya viti, rudi kwenye ulimi wa gata. Kishawishi cha kuchukua bomba la silikoni na kuziba kila unapoona unyevu ni kikubwa, na kila mpita njia atakushauri hivyo. Silikoni nyuma huziba njia ya maji uliyoihangaikia siku mbili, na mbele inafanya gundi isishike tena kamwe pale ulipoipaka.